DOA LIFUTE LINGALI BICHI

Msomaji mpenzi, najua ukikiona kichwa hiki utasema, "Huyu naye kakosa la kuandika, anatuletea habari za sakafu!" Ngoja kwanza. Kila mwaka jarida letu hujaa makala juu ya nidhamu, mitihani na urafiki mbaya. Ni mambo mema na yana wenyewe. Mimi mwaka huu nataka kuzungumzia doa. Tena si doa la tabia, ni doa hasa: rangi na rezini iliyomwagika juu ya simiti ikaganda mpaka ikawa jiwe. Ninazo sababu mbili. Ya kwanza iko kwetu Githurai 45. Ya pili iko hapa hapa shuleni, na walimu wangu waniwie radhi nitakapoifikia.

Kwa wale wasiotoka upande wetu, Githurai 45 iko kando ya barabara kuu ya Thika, upande wa Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu. Hiyo 45 si hesabu ya nyumba. Ni nambari ya matatu za njia hiyo, kama vile jirani zetu wa ng'ambo wanavyoitwa 44. Barabara ilipopanuliwa kati ya mwaka 2009 na 2012, watu walimiminika, ploti zikapandishwa ghorofa, na chini ya ghorofa hizo pakawa na maduka na karakana. Siku hizi utamkuta kinyozi, muuza mayai, mchomeleaji wa mageti na fundi wa rangi wamefuatana ukuta kwa ukuta. Ukitaka kujua kila mmoja anafanya kazi gani huna haja ya kuuliza. Tazama sakafu yake tu, itakwambia.

Mjomba wangu ni fundi wa fiba. Bampa ya gari ikipasuka au pembe ya matatu ikibonyea, ndiye anayeitengeneza. Kazi yenyewe ni hivi: huchukua kitambaa cha nyuzi za kioo, akakipaka rezini ambayo ni nzito kama asali, akiwa ameichanganya na dawa kidogo sana ya kuigandisha, ile mafundi wanayoiita hadina. Ikishachanganywa hupata moto yenyewe bila jiko, na kabla hujamaliza kunywa chai imeshakuwa ngumu. Basi kila siku tone moja hapa, tone jingine pale. Na bampa ikishakauka hupakwa rangi, nayo rangi ina vitone vyake. Kwa miaka mitano sakafu ile ilikuwa ikiandika historia ya magari yote ya 45.

Mwaka jana, likizo ya Agosti, mwenye ploti akamwambia mjomba ahame, kwani anataka kulifanya lile duka la dawa. Mjomba hakubisha. Akaomba dipoziti yake, shilingi 20,000. Mzee yule akainama, akaparuza sakafu kwa ufunguo, akainuka na kusema, "Fundi, pesa zako zipo. Lakini mimi nilikupa simiti, sikukupa hii. Rudisha sakafu yangu kama ilivyokuwa, uje uchukue pesa zako."

Mjomba alipigwa na butwaa. Zile elfu ishirini ndizo alizotarajia kulipia karakana nyingine kule Kimbo. Bila hizo, kazi yasimama, na kazi ikisimama, karo ya binamu zangu nayo yasimama. Kwa hiyo usicheke doa, ndugu yangu. Doa lile lilikuwa limekalia chakula cha watu sita.

Hapo ndipo washauri walipojitokeza. Ajabu ya 45 ni kwamba hukosi mshauri, hata usipomwita.

Wa kwanza alisema, "Mwaga petroli, acha ilale usiku kucha, asubuhi utafagia." Mjomba akaenda akanunua lita mbili. Ni mama yangu aliyemzuia, akapiga kelele mpaka watu wa ghorofani wakachungulia. Ukuta wa pili kulikuwa na mchomeleaji anayerusha cheche kutwa nzima! Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukaenda zake, hutambaa chini kama nyoka ukitafuta moto, hata ulio mbali. Sisi Wakenya tusiambiwe habari hizi kama wageni. Mnamo Septemba 12, 2011, pale Sinai jijini Nairobi, mafuta yalivuja yakaingia mtaroni, moto ukazuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Na hata pasingekuwa na moto, petroli isingefanya lolote kwa rezini ile. Sababu nitaieleza punde.

Wa pili akaja na asidi ya kusafishia vyoo. Hiyo ilimwagwa. Ikatoa povu na moshi, sote tukafurahi tukidhani kazi imekwisha. Kulipokucha tuliona maajabu. Simiti ilikuwa imeliwa, imekuwa na mashimo mashimo kama uso wa mwezi, lakini matone ya rezini yalisimama pale pale yaking'aa kama visiwa ziwani! Nilikuja kuelewa baadaye kwamba asidi hula chokaa iliyomo ndani ya simiti, na rezini haina chokaa. Kwa hiyo tulimpiga asiyekosa tukamwacha mkosaji.

Wa tatu alileta moto wa gesi. Nao ulikuwa mbaya kuliko yote. Rezini ikaanza kutoa moshi mweusi wenye harufu ya kukaba koo, mtoto wa jirani juu akaanza kukohoa. Kumbe simiti nayo ikipata moto mkali ghafla hupasuka na kurusha vipande. Kipande kimoja, si kikubwa kuliko punje ya mahindi, kikamrukia mjomba chini kidogo ya jicho la kulia. Nilimwona akishika uso na damu ikipita kati ya vidole. Siku ile niliogopa. Tulikimbia zahanati, tukaambiwa jicho limenusurika kwa upana wa ukucha. Wacha nikwambie msomaji, tuliporudi sikuona tena doa pale sakafuni. Niliona jicho.

Mwenye kutuondoa katika shida alikuwa fundi mmoja mzee wa ujenzi, jirani yetu, ambaye muda wote alikuwa akitazama tu. Mjomba akamuuliza, "Mzee, mbona hukusema?" Naye akajibu, "Hukuniuliza. Ulikuwa na walimu wengi." Kisha akatoa mfano ambao sitausahau. Akasema yai ukilivunja bichi juu ya meza utalipangusa kwa kitambaa. Ukilichemsha likaiva, hata ulirudishe majini mara mia haliwi bichi tena. Rezini iliyokutana na hadina ni yai lililoiva. Haiyeyuki. Thina na dawa za namna hiyo ni za kufutia rezini mbichi. Iliyoiva haisikii dawa hizo. Itabidi ibanduliwe.

Basi tukaanza upya, safari hii kwa utaratibu, na hapa ndipo mwenye kutaka elimu atege sikio.

Kwanza tulifungua milango yote, mjomba akavaa miwani ya kazi, glavu na kitambaa cha pua. Pili tukaazima mashine ya kupuliza hewa moto, mfano wa ile ya kukaushia nywele saluni lakini kali zaidi. Rezini haiyeyuki, lakini ikipata joto la kadiri hulegea kidogo. Unapuliza tone moja mpaka lipate joto, huku ukiangalia lisitoe moshi. Ukiona moshi umezidisha, ondoa mashine. Kisha unaingiza skrepa au patasi ukiwa umeilaza, si kuisimamisha, unasukuma pembeni kwa kugongagonga polepole. Matone manene yalitoka mazima mazima kama magamba ya samaki. Mengine yalibandukana na ngozi ya simiti, maana rezini hushika simiti kwa nguvu kuliko simiti inavyojishika yenyewe. Hiyo huna la kufanya, utaziba baadaye.

Yaliyobaki yalikuwa yale yaliyozama ndani. Simiti ukiitazama waiona kama jiwe, kumbe ina vitundu vidogo vidogo inavyonywea kama sifongo. Hapo dawa ni kusaga kwa grainda. Lakini mzee alikataa kata kata kusaga pakavu. Alisema vumbi la simiti lina unga wa mchanga ambao ukiingia mapafuni hautoki, na yeye anao wenzake waliomaliza siku zao wakikohoa kwa sababu ya kazi hiyo. Basi tulisugua kwa jiwe la mkono na maji, kidogo kidogo, magoti yakiuma. Palipohitaji mashine, walikuja vijana wenye mashine inayonyunyiza maji.

Rangi nayo ina njia zake, wala si moja na rezini. Rangi ya maji, ile ya ukutani, hutoka kwa maji moto, sabuni na brashi ngumu, mradi haijakaa miaka. Rangi ya mafuta ni kiburi zaidi, lakini ina adui wake ambaye ni kostiki soda, ile ile watengenezaji wa sabuni wanayoitumia. Soda hiyo huigeuza mafuta yaliyomo katika rangi yakawa kama sabuni, rangi ikalegea ukaiparuza. Ndiyo sababu pia ukipaka rangi ya mafuta juu ya simiti mpya hubambuka baada ya muda: simiti mpya ina ukali wa namna hiyo hiyo ndani yake. Lakini soda hiyo huunguza ngozi na kupofusha macho, kwa hiyo si ya mtoto wala si ya mtu asiye na glavu na miwani. Doa lililozama tulilifunika kwa vumbi la mbao lililoloweshwa thina, juu tukaweka turubai, tukawaacha milango wazi na kuzuia mtu yeyote kuwasha kiberiti karibu. Vumbi lile lilinyonya rangi kama karatasi inavyonyonya wino.

Tulitumia siku nne. Takataka zote tulizitia gunia, hatukuzisukuma mtaroni, kwani mtaro ule mvua ikinyesha hurudisha kila kitu milangoni mwetu. Mwenye ploti alikuja, akatazama, akainama tena na ufunguo wake. Sakafu haikuwa mpya, kwa sababu ile asidi ilikuwa imeacha makovu. Walikubaliana akate shilingi 6,000 za kupiga lipu upya palipoharibika. Fikiria hilo: mjomba hakukatwa pesa kwa sababu ya rezini. Alikatwa kwa sababu ya haraka ya kuiondoa.

Sasa niingie katika maoni yangu, maana hadithi bila funzo ni porojo.

Maoni ya kwanza ni kwa mafundi na wenye ploti. Mtu akikodisha chumba kwa fundi wa fiba, anajua fika kwamba rezini itadondoka. Na fundi naye anajua. Kwa nini basi wote wawili wanyamaze miaka mitano wasubiri kugombana siku ya kuhama? Wakubaliane siku ya kwanza. Fundi atandike turubai kuukuu au katoni zilizokunjuliwa chini ya kazi, na tone likidondoka alipanguse lingali bichi kwa kitambaa chenye thina kidogo. Dakika moja ya leo ingeokoa siku nne za Agosti. Samaki mkunje angali mbichi, na doa lifute lingali bichi. Na hiyo hadina isichezewe kamwe, kwani tone lake moja likiingia jichoni laweza kulitia upofu.

Maoni ya pili ni ya hapa kwetu shuleni, na hapa ndipo ninapoomba radhi. Muhula uliopita tulichora picha ukutani karibu na ukumbi. Picha ilipendeza, wageni waliisifu. Lakini mkebe wa rangi ya mafuta ulipinduka ushorobani, na hakuna aliyeshughulika mpaka Jumatatu, rangi ilipokuwa imekauka. Adhabu ikatolewa. Wadogo zetu wanane walipewa nyembe na chupa ya thina, wakaambiwa wapige magoti wakwangue mpaka sakafu ing'ae, na milango ilikuwa imefungwa ili wasisumbue madarasa. Baada ya saa moja wawili walitoka wakishika vichwa, mmoja akitapika, na mwingine kidole kimekatwa. Doa lenyewe bado lipo. Nenda ukaangalie.

Nilipolalamika niliambiwa na mkubwa mmoja kwamba mwanafunzi asipopiga magoti hatakumbuka. Nimelitafakari neno hilo kwa muda mrefu. Sipingi adhabu. Aliyemwaga na afute, hiyo ni haki, na hata mjomba wangu alifuta mwenyewe. Ninalopinga ni kugeuza dawa ya sumu kuwa kiboko. Wale wanane watakumbuka nini? Watakumbuka kuumwa na kichwa. Hakuna hata mmoja aliyejifunza jinsi ya kuondoa rangi, wala kwa nini mkebe haukuwa na kitu chini yake. Na nusu yao hawakuwa hata wachoraji!

Tusidhani mvuke wa dawa hizi ni harufu tu. Huko Marekani, mwaka 2019, serikali ilipiga marufuku kuwauzia wananchi wa kawaida dawa za kubandua rangi zenye kemikali iitwayo methilini kloridi, baada ya watu kufa wakizitumia ndani ya vyumba visivyopitisha hewa. Kama watu wazima wenye maarifa walikufa, sembuse watoto waliofungiwa ushorobani? Isitoshe, kuna habari ya madini ya risasi. Viwango vya sasa vya Kenya haviruhusu rangi kuwa na risasi inayozidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja. Ni jambo jema. Lakini majengo yetu mengine yalipakwa rangi zamani, kabla ya viwango hivyo, na ukiikwangua rangi ya kale pakavu unaweza kuwa unatengeneza vumbi la risasi na kulivuta mwenyewe. Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa waliteswa na risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, mpaka mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Pesa hizo ni nyingi, lakini hazimrudishii mtu afya yake.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Sikuiona sehemu inayosema isipokuwa mwanafunzi aliye adhabuni.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja litakalofilisi shule. Kwanza, kabla mkebe wowote wa rangi haujafunguliwa, sakafu itandikwe katoni. Katoni za mkate na sabuni zipo tele dukani mwetu, ni za bure. Pili, yeyote atakayemwaga afute papo hapo, naye asiogope kusema. Yule aliyepindua ule mkebe alinyamaza siku tatu kwa kuogopa kiboko, na katika siku hizo tatu rangi ikawa jiwe. Hofu ndiyo iliyolikausha doa lile, wala si jua. Tatu, doa likishakauka lishughulikiwe na mtu mzima anayejua kazi, milango ikiwa wazi, nasi wanafunzi tukisaidia kuteka maji na kujifunza. Mwalimu wa Kemia angeweza kutufundisha kipindi kizima kutokana na sakafu moja.

Kuna watakaosema kwamba namlea mwanafunzi kama yai. Sawa, nakubali mfano huo. Yai bichi ukilivunja hupanguswa, lakini lililoiva halirudi. Jicho la mjomba wangu lilikaribia kutorudi. Mapafu ya mtoto ni hivyo hivyo. Simiti tunaweza kuipiga lipu tena kwa shilingi 6,000.

Nakomea hapo. Ukipita Githurai 45, ukaona karakana iliyotandikwa katoni sakafu nzima na fundi mwenye kovu dogo chini ya jicho la kulia, msalimie. Na ukipita karibu na ukumbi wetu, tazama chini kidogo. Doa letu bado linatungoja tuamue.